Papai la Jirani

Mwishoni mwa Machi 2020 polisi wa New Zealand walifungua ukurasa kwenye mtandao ili raia wawataje wenzao wanaovunja amri ya kukaa ndani. Ukurasa ule ulielemewa na wingi wa watu wenye mambo ya kusema, ukaanguka. Taarifa zilikuwa zimeingia kwa maelfu. Uingereza nako, mkuu wa polisi wa Northamptonshire alijitokeza kueleza kwamba ofisi yake inapokea simu za watu wanaolalamika kuwa jirani yao ametoka kukimbia mara ya pili kwa siku, wakati ruhusa ni mara moja.

Mara ya pili! Jirani yangu mimi huwezi kuhesabu ametoka mara ngapi, maana hajawahi kuingia. Anakula nje, ananyoa ndevu nje, anaongea na simu nje kwa sauti ambayo mtu wa upande wa pili angeisikia hata bila simu. Ndani anaingia kufuata redio, na akiipata anatoka nayo.

Nilizisoma habari zile nikiwa barazani kwangu, Newala, nikaona wivu. Sikuwaonea wivu ugonjwa wao, Mungu apishe mbali. Niliwaonea wivu ile fomu. Nimeishi na mtu yule ukuta kwa ukuta miaka yote hii, nimemeza mengi, na sijawahi hata siku moja kuletewa fomu.

Shida ni kwamba sisi hatukufungiwa ndani. Machi 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye kwao Ruangwa si mbali na huku, akafunga shule kwa siku 30 na kuzuia mikusanyiko: mikutano ya siasa, michezo, matamasha. Ligi ikasimama. Makanisa na misikiti ikabaki wazi, masoko wazi, mabasi barabarani. Wakati huo Rwanda wamefungiwa, Uganda wamefungiwa, Kenya hakuna kutembea usiku, na Rais Museveni anajirekodi akipiga pushapu ofisini ili raia wake waone kwamba mazoezi hata ndani yanafanyika. Mwenye jirani mkorofi Kampala alikuwa na sheria mkononi. Mimi nilikuwa na ndoo.

Ndoo yenyewe mnaikumbuka: ya plastiki, koki chini, imekalishwa juu ya stuli mlangoni, pembeni kipande cha sabuni. Nawa kwa maji tiririka, tuliambiwa. Aliyetoa maelekezo hayo hakuwahi kuteka maji Newala. Uwanda huu wa Makonde uko juu, mchanga wake unakunywa mvua yote, mito iko mabondeni, na mradi wa kuyapandisha maji huku kwa pampu, ulioanza tangu enzi za mkoloni, umetulea katika maadili ya kusubiri. Mwenye uwezo huchimba kisima cha kukingia mvua ya bati, akakiwekea mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka kufuli. Nasema kufuli. Sasa mtu anayelala na ufunguo wa maji chini ya mto, umwambie ayaache yatiririke kwenye mikono ya mteja aliyekuja kununua kiberiti!

Basi ndoo ziliwekwa, kwa sababu zilikuwa zinakaguliwa. Walikagua kama zipo. Kama zina maji halikuwa swali, na mkaguzi mwenye adabu hafunui chombo cha watu. Ndoo ya jirani yangu ilikuwa na koki laini sana, inazunguka vizuri bila kutoa kitu. Wageni wake walipitisha mikono chini yake, wakaikung'uta, wakaingia. Sabuni aliifunga kamba isiibiwe, na kwa kuwa haikuwahi kulowa, haikuisha. Nadhani anayo mpaka leo.

Wageni hao walikuwa wanafuata nini? Banda la video. Mabati upande mmoja, makuti upande mwingine, mabenchi, televisheni pana, king'amuzi, na spika mbili ambazo moja imeelekezwa kwa watazamaji na nyingine, kwa sababu anazozijua yeye, dirishani kwangu. Ligi zilikuwa zimesimama karibu dunia nzima, lakini mwenye banda hawezi kula stuli, kwa hiyo jirani alikuwa na mechi kwenye flashi. Mechi moja. Yanga na Simba ya Machi 8, 2020, Bernard Morrison anapiga faulo, mpira unazama wavuni, Yanga 1, Simba 0. Jirani ni Yanga. Mechi ile aliionyesha Aprili yote, akaingia nayo Mei, na watu walilipa kiingilio. Kila jioni Morrison aliweka mpira chini palepale, ukuta ukajipanga vilevile, na kila jioni umati ukanyamaza kwa wasiwasi, eti safari hii unaweza kupaa.

Mimi ni Simba. Nalisema mapema, msomaji asije akadhani nina chuki binafsi. Tena ni mwalimu, na shule zilipofungwa nikawa nyumbani kutwa kucha, mtu pekee mtaani aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia utekelezaji wa maagizo ya serikali. Jirani alikuwa akinipungia mkono kila asubuhi: "Mwalimu, mshahara wa kukaa umeingia?" Umeingia, Mzee. "Mungu mkubwa."

Mkusanyiko ule haukuwa na utata wowote wa kisheria. Watu bega kwa bega, jasho kwa jasho, barakoa moja tu, nayo imening'inia kidevuni kwa muuza karanga, na pindi Morrison anapofunga wanakumbatiana watu ambao mchana walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nikasema liwalo na liwe, namshitaki.

Kwa nani, sasa? Wizara ya Afya ilikuwa na namba ya bure, 199, ila ile ilikuwa ya kuuliza habari za ugonjwa, na sikutaka kumpotezea muda daktari kwa habari za faulo. Huku kwetu shauri huanzia kwa balozi wa nyumba kumi. Najua, wasomi watasema balozi ni mtu wa chama, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 hana mamlaka ya kiserikali. Njooni mumwambie wenyewe. Kuku akipotea, mume akipotea, wa kwanza kuambiwa ni balozi. Kikwazo kilikuwa kwingine: balozi wetu ni mjomba wa jirani yangu. Kwa makabila mengine hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa Wamakonde, na kwa Wamakua na Wayao wa huko Masasi, mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni wa heshima tu. Nilikwenda hivyohivyo.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti. Umekula?"

Nikala kwanza, maana kukataa ming'oko ya mtu unayemshitakia mpwa wake ni kuanza kesi vibaya. Halafu nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akauliza mkusanyiko huo unaanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili jioni.

"Basi hapo mwanangu utanisamehe. Mimi siwezi kuuona. Saa hizo huwa niko bandani."

Mwenyekiti wa mtaa nilimkuta anagongelea misumari benchi. Alikuwa na mabenchi mengine kadhaa, yeye huyakodisha kwenye shughuli, na mwezi ule hapakuwa na harusi wala mkutano wa kuyakodisha isipokuwa, alisema, kwa mteja mmoja mwaminifu. Hakumtaja na mimi sikumuuliza. Mtendaji akaniambia malalamiko yaje kwa maandishi, barua ipitie kwa mwenyekiti, nayo kabla ya kufika kwa mwenyekiti iwe imepita kwa balozi. Na mgambo, kijana ninayemheshimu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, alikuwa mlangoni mwa banda anapokea viingilio. "Mwalimu, ndiyo maana niko hapa," akanitoa wasiwasi. "Nawaingiza mmojammoja."

Ikabaki polisi. Kituo sitakitaja, maana bado napita mbele yake. Afande wa zamu alikuwa mtu mwungwana. Aliniuliza kama nimekuja na karatasi, za ofisini zimeisha. Nilikuwa nazo, mwalimu hatembei bila karatasi. Akaandika jina, umri, kabila, dini, kazi, mahali ninapoishi, kwa mwandiko mzuri ambao ningeupa vema. Kisha akauliza mtuhumiwa amefanya nini hasa. Nikasema anakusanya watu kila jioni na kuwaonyesha faulo ya Morrison. Afande akaweka kalamu mezani.

"Ile faulo anayo nzima? Pamoja na marudio ya nyuma ya goli?"

Nikasema anayo.

"Banda liko mtaa gani?"

Kwa ukimya wangu uliofuata nadhani shauri lile lilifungwa rasmi.

Ninyi mtasema ningekomaa. Ningekomaaje, na mimi nyumbani kwangu kulikuwa na mtu kutoka Dar? Vyuo vilipofungwa, mpwa wangu alipanda basi akaja kwa mjomba wake, kama ilivyo haki yake. Siku zile mtu kutoka Dar es Salaam alikuwa anatazamwa kuanzia viatu kwenda juu. Wazee walimsalimia kwa kupunga, watoto waliambiwa wasimsogelee, na mama mmoja wa genge alimrudishia chenji kwa kuiweka juu ya jiwe. Jirani yangu hakufanya hayo. Jirani yangu alimpokea begi. Alilibeba mpaka mlangoni, akamuuliza habari za safari, za masomo, za foleni ya Mbagala. Jioni akasogea ukutani, akashusha sauti, kitu ambacho sijawahi kumsikia akifanya.

"Mwalimu, kijana anakohoa? Siulizi kwa ubaya."

Siulizi kwa ubaya! Nina hakika kule New Zealand hawakuwa na mtu wa namna hiyo, ndiyo maana walijaza fomu kwa raha. Huku kila nyumba ina faili la nyumba ya pili, limekaa kabatini, halina vumbi. Mkojo wa mbuzi wako, umeme uliouvuta pasipo mita, mgeni anayekohoa, mtoto aliyekwenda jandoni kabla ya kulipa ada, vyote vimeandikwa humo kwa kumbukumbu ya kichwa. Hakuna anayelifungua faili la mwenzie, kwa kuwa anajua la kwake liko upande wa pili wa ukuta na mwenye ufunguo hana kazi jioni.

Ufundi huo tuliukamilisha kwenye korosho. Novemba 2018, wakulima wakiwa wamegomea bei za mnada, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakapanda uwanda huu kuzibeba. Hatukuwa tumezoea kuona mwanajeshi akipakia gunia, na kwa siku za mwanzo wanawake walikwenda ghalani kuangalia tu. Bei ilikuwa nzuri. Ila kabla ya kulipwa kulikuwa na uhakiki, kwa sababu ya kangomba. Wenyeji mnajua kangomba: mchuuzi anakuja miezi ya njaa, anakukopesha hela ya unga, na msimu ukifika anapima korosho zako kwa kipimo chake, kwa bei yake, pembeni kabisa ya ushirika, yaani AMCOS na mnada wa TANECU au MAMCU. Kisheria ni kosa. Kiutaratibu ni Februari. Serikali haikutaka kumlipa mtu wa kangomba bei ya mkulima, kwa hiyo kila mwenye mzigo akaulizwa: shamba lako liko wapi, lina mikorosho mingapi, na mikorosho hiyo kweli inaweza kuzaa magunia haya?

Nani anayejua mikorosho ya mtu? Jirani yake.

Walinijia wakauliza habari za huyu wa kwangu. Nikawaambia mikorosho anayo. Mingapi? Nikasema ni mingi, mingine ya kwake, mingine ya mkewe, mingine ya mjomba wake, na ile ya urithi iko mbali kidogo. Mbali wapi? Nikaonyesha kwa kidevu upande wa Ruvuma. Mmoja wao akasema upande ule si ni Msumbiji? Nikamwambia siyo mbali kiasi hicho. Walipotoka kwangu wakaenda kwake kuuliza habari zangu. Sijui aliwajibu nini. Najua kwamba nililipwa, kwa kuchelewa sana, kama wengi walivyochelewa mpaka mwaka uliofuata, lakini nililipwa, na tangu siku ile hatujawahi kuulizana, wala kushukuruana.

Kwa hiyo nilipoketi kuandika ile barua ya mtendaji, kalamu ilikuwa nzito. Na kulikuwa na jambo jingine. Mwaka ule wa 2020, kadiri miezi ilivyokwenda, aliyekuwa karibu zaidi na pingu alikuwa mwenye kusema, si mwenye kukusanyika. Takwimu za taifa zilikomea kwa wagonjwa 509, zikanyamaza. Kuna watu walikamatwa kwa kueneza habari za ugonjwa. Julai zikatoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali cha wahusika. Sasa mimi nirushe kwenye kundi la mtaa kwamba kwa jirani watu wamebanana, mmoja anakohoa? Jirani angekuwa bandani, na mimi ndiye ningekuwa ndani.

Nikajaribu njia ya kinyumbani, ya kununa. Nayo ikashindikana, kwa sababu ya nyungu. Nchi nzima ilikuwa inajifukiza, na mwarobaini ulioko karibu na banda ni wangu. Nilipanda mwenyewe, kwa ajili ya kivuli. Kwa wiki chache ukabaki matawi. Ukimkuta mtu juu yake na panga anakuambia, "Mwalimu, ni afya," na utabishanaje na afya? Jirani alifukizia uani, blanketi kichwani, sufuria ya majani yangu ikitoka mvuke, na kutoka humo ndani ya blanketi akinieleza, kwa sauti ileile ya kila siku, kwamba dawa hii inafungua kifua. Malimao nayo yalikuwa yamepanda bei sokoni. Aliniomba limao.

Halafu ikaja Mei 3. Rais, akiwa Chato, alituambia kwamba sampuli zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilikuwa za papai, mbuzi na vitu vingine, na kwamba papai lilikutwa na corona na mbuzi naye vilevile. Wenzangu walijadili vipimo, maabara, mabeberu. Mimi nilisimama taratibu nikatazama ukutani. Mpapai wa jirani umeota kwake na kuinamia kwangu. Na chini ya mpapai, kwenye muhogo wangu, alikuwa amesimama mbuzi wake. Watuhumiwa wote wawili wa taifa walikuwa wa mtu mmoja!

Siku chache baadaye papai likaanguka upande wangu. Kubwa, la njano. Jirani akatokeza kichwa.

"Mwalimu, papai langu limekuja kwako."

"Nimeliona, Mzee. Liko karantini."

"Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Si litaoza?"

"Ndiyo utaratibu."

Akafikiri. Ni mtu wa kufikiri, hilo simnyimi. "Na mbuzi pia yuko huko kwako."

"Namwona."

"Basi naye mweke karantini. Ila umlishe."

Nilimrudishia vyote viwili kabla ya magharibi. Usiku akanitumia nusu ya papai kwa mtoto, limekatwa vizuri, limenyunyiziwa limao langu.

Kaka yangu wa Masasi aliposikia habari hizi kwa simu alicheka mpaka akakata simu. Kwake yeye haya ni mambo ya washamba wa mlimani. Masasi ni njia panda chini ya majabali yake: huku Mtwara, kule Tunduru na Songea, kule Nachingwea, na huku kwetu juu. Watu wanakuja, wanapanga chumba, wanafanya biashara ya msimu, wanahama. Hakuna anayejua mikorosho ya mwenzie. Unamshitaki mtu Jumatatu, Ijumaa amehamia Mangaka. Yeye mwenyewe, alijisifu, alipiga simu polisi kuhusu grosari moja karibu na kwake iliyokuwa inajaza watu na muziki mpaka usiku wa manane, na polisi walifika.

Nikamuuliza ikawaje. Polisi walifika, muziki ukapunguzwa, wakaletewa soda, wakaondoka, muziki ukarudi. Kesho yake mwenye grosari akaanza kuuliza mtaani nani alipiga simu. Mtaa wote, pamoja na kaka yangu, ukamwangalia mpangaji mgeni, kijana fundi simu aliyekuwa na mwezi mmoja tu pale, hajui lolote. Fundi yule alihama wiki iliyofuata, akaiacha kodi yake kwa mwenye nyumba. Na grosari?

"Ile pale," kaka akasema. "Niko ndani yake sasa hivi, ndiyo maana hunisikii vizuri."

Juni mambo yakafunguka. Ligi ikarejea, Juni 29 shule zote zikafunguliwa, nikarudi darasani kwa watoto waliosahau hesabu ya sehemu lakini wanaweza kukuigizia faulo ya Morrison hatua kwa hatua, pamoja na vile anavyoshika kiuno kabla ya kupiga. Ndoo zikabaki mlangoni kwa muda, baadaye zikaingizwa ndani moja moja kufanya kazi ya ndoo. Mpwa wangu akarudi chuoni, na jirani akambebea begi mpaka stendi.

Julai 12 ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, Uwanja wa Taifa. Mechi mpya, ya moja kwa moja, haikuwa ya kwenye flashi. Nilivaa shati jekundu, nikatoka, nikampa mgambo kiingilio changu, naye akaniingiza mmojammoja. Nilikaa benchi la mbele. Kulia kwangu Balozi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amesimama mlangoni akihesabu mabenchi yake. Kule nyuma, kwenye makuti, kulikuwa na mtu amevaa kiraia, ameshika soda, mwenye mwandiko mzuri. Nikamwinamishia kichwa, naye akaniinamishia.

Sitawasimulia mechi yote, mliiona. Simba ile ilikuwa na Luis Miquissone wa Msumbiji, ambaye kwao nikisimama Shimo la Mungu nakuona kwa macho, kwa hiyo namchukulia mtu wa nyumbani. Morrison alitolewa kipindi cha pili akaondoka uwanjani moja kwa moja, hakukaa hata benchi, na nilimtazama jirani yangu kwa huruma niliyokuwa nimeiandaa tangu Aprili. Lilipoingia bao la nne la Simba nilijikuta nimesimama juu ya benchi la mwenyekiti, nimemkumbatia Balozi. Jirani akainuka. Akapita mbele ya watu wote, bila haraka, akachomoa waya wa televisheni.

"Ndugu zangu," akasema gizani, "serikali imekataza mikusanyiko."